Sijala Tangu Jana

Mama Pacha alikuwa fundi wa kushona sare za shule, na jikoni alikuwa fundi zaidi. Kilo moja ya maharage aliigawa siku tatu: siku ya kwanza kwa wali, ya pili kwa viazi, ya tatu anayaponda yaliyobaki kuwa supu na kuijazia kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi. Yai moja alilikoroga na unga na kitunguu, likalisha watu watano. Mume wake, mlinzi wa ghala, alipenda kumtania: "Wewe ukipewa mfupa mmoja utaalika wageni."

Ufundi huo hakuzaliwa nao. Alifundishwa na mama mkwe wake, aliyepika shule ya bweni miaka ishirini na kitu. Alipoolewa hajui hili wala lile, yule mama alisimama naye jikoni bila kumsimanga hata siku moja. "Mwanangu, acha kumimina mafuta kama unaoga. Chukua kijiko."

Sasa mama mkwe alikuwa akisahau. Ilianza na funguo, yakafuata majina ya watu, mwisho akawa anasahau kwamba amekula. Anamaliza sahani yake, ananawa, anashukuru, hata mikono haijakauka, anauliza, "Mwanangu, leo hatupiki?"

"Umekula sasa hivi, mama."

"Nimekula nini mimi? Sijala tangu jana."

Siku moja Mama Pacha aliiacha sahani bila kuiosha ili iwe ushahidi. Mama mkwe akaitazama kwa uchungu. "Nani amekula chakula changu?" Wanawe pacha walicheka mpaka wakapaliwa, kisha wakauona uso wa mama yao, wakatoka nje.

Akimwongezea, wanawe wanapunjika. Asipomwongezea, bibi anakaa mlangoni na kumshtakia kila anayepita. Na mbele ya watu alikuwa mzima kabisa: anaulizia wagonjwa, anatoa pole, anakumbuka nani ana mimba. Nani asingemwamini? Muuza mboga wa mtaani akamsimamisha Mama Pacha njiani.

"Shoga, samahani, hayanihusu. Lakini mama wa watu anashinda njaa. Juzi nimempa ndizi mbili, amezila kama mtoto."

"Anakula, dada. Anasahau tu."

"Tumbo nalo linasahau?"

Mama Pacha alipompeleka mama mkwe zahanati, muuguzi alimsikiliza vizuri, akasema dawa ya kurudisha kumbukumbu hana. "Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Na asiachwe peke yake." Abaki na nani? Mume yuko getini kuanzia alfajiri, yeye yuko kazini kwenye cherehani, pacha wako shule. Alianza kumgawia chakula chake kwenye visahani vinne. Kwa siku chache nyumba ikatulia kidogo.

Jumatatu iliyofuata, akitoka kazini jioni, alisikia kelele za watoto kabla hajakata kona ya kwao. Mama mkwe alikuwa uani, kitambaa kiunoni, mwiko mkononi. Sufuria kubwa ilikuwa motoni, na ndani yake chakula chote cha wiki: mchele, maharage, viazi na maganda yake, unga, hata sukari. Watoto wa mtaa mzima walikuwa na mabakuli.

"Pangeni mstari! Wadogo mbele! Anayesukumana hali!"

Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Sauti ile Mama Pacha hakuwa ameisikia kwa miaka miwili. Na pacha wake walikuwamo kwenye mstari.

"Mama..." alianza.

"Usisimame hapo, mwanangu, shika sahani. Watoto wana njaa."

Akashika sahani. Angefanya nini?

Mume aliporudi alikuta sufuria imekombwa, ukoko umeungua chini. "Hukumzuia?"

"Nimzuie nini? Nimefika kimeshaiva."

Akakaa kizingitini, kofia ya kazi magotini. "Ni mama yangu," alisema hatimaye, kana kwamba anaomba radhi.

"Ni wangu pia."

Kesho yake muuza mboga alimtazama Mama Pacha kwa jicho la pembeni. "Kumbe chakula mlikuwa nacho." Mama Pacha alimwomba yale majani ya nje ya kabichi yanayotupwa. "Ni ya kuku," alisema. Hakuwa na kuku. Kwa majani hayo, na mchele wa chenga alioukwangua chini ya kopo, walifika Jumamosi, siku ya mshahara.

Jumamosi hiyo mume alinunua kufuli, wakafungia chakula kwenye sanduku la bati. Jumapili asubuhi Mama Pacha alimkuta mama mkwe amepiga magoti mbele ya sanduku, analigonga taratibu kwa kidole. "Hodi? Nifungulieni jamani, mimi ni mtu wa humu humu." Mama Pacha akalitoa kufuli.

Jumatatu alipakia mchele, maharage na unga kwenye kapu ili akaviweke chini ya cherehani mpaka jioni. Visahani vinne alivipanga mezani, vimefunikwa. Mama mkwe alimsindikiza hadi mlangoni.

"Unahama, mwanangu?"

"Naenda kazini, mama."

"Na chakula chote hicho?"

Mama Pacha alihamishia kapu mkono wa pili, akatoka.