Kadi ya Mama

Studio kwake walimwita Bwana Tahadhari, na jina hilo hawakumpa kwa mapenzi. Kila aliyejifunza kupiga picha chini yake alilishwa nasaha mpaka zikamtokea puani: mkanda wa kamera uvuke kifua, usining'inie shingoni kama kengele ya mbuzi, ukitaka kutazama picha uliyopiga, egemea ukuta kwanza, jina la kamera lifiche kwa utepe, na picha, jamani, ziwe zimehifadhiwa sehemu tatu kabla hujalala! Mwenyewe hakuwa amewahi kuvuka mpaka hata siku moja. Lakini nasaha haidaiwi pasipoti.

Basi mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa nyumba yao, akapata mchumba katika jiji kubwa la ugenini, na ndoa ikapangwa huko huko. Mama yao miguu ilikuwa imegoma; hata ngazi za mlangoni pake zilimshinda, sembuse za ndege. Siku ya kuagana alimshika mwanawe mkono.

"Wewe ndiye macho yangu," alimwambia. "Usiniletee hadithi. Niletee sura ya mwanangu siku anaolewa."

"Mama, si ndiyo kazi yangu hiyo?" alijibu, kifua mbele.

Akajiandaa sasa. Kompyuta aliiacha nyumbani, maana kompyuta begani ni sawa na kumkaribisha mwizi chai. Kamera aliizungushia utepe mweusi wa mafundi umeme mpaka ikafanana na redio iliyoungua, kisha akaitia kwenye mfuko wa plastiki uliowahi kubeba vitunguu. Uwanja wa ndege mkaguzi aliigeuza mara mbili, akamtazama usoni kwa huruma, akamrudishia. Bwana Tahadhari alitoka hapo anatembea kwa madaha.

Ndoa ilifungwa asubuhi, katika chumba cha ofisi chenye viti vya plastiki na saa ya ukutani iliyokufa. Hapo tumpe haki yake: alifanya kazi. Bibi harusi alipoulizwa kama anakubali, aliuma mdomo wa chini kama alivyokuwa akifanya utotoni akikaribia kulia, na kaka mtu akainasa sura hiyo hiyo. Macho yake mwenyewe yalikuwa yamelowa, lakini kidole hakikutetemeka.

Aliyemuudhi ni shangazi wa bwana harusi. Mama huyo alimkatia mbele kila dakika, simu kaiinua kwa vidole viwili.

"Shangazi, shika kwa mikono miwili," alimwonya. "Jiji hili watakupokonya."

"Humu ofisini, baba? Anipokonye nani, msajili?"

Chumba kizima kikacheka, msajili naye.

Mchana, nyumbani kwa maharusi, akataka kutoka apige picha za barabarani. Tuseme kweli: alitaka za kuwaringia wenzake studio. Hapo busara ikamfurika. Kamera ikiibwa huko nje, picha za Mama zisiende nayo! Akachomoa kadi ya kamera iliyohifadhi picha, kidude kisichozidi ukucha wa dole gumba, akatia nyingine tupu, kisha ile ya kwanza akaibandika kwa utepe mweusi ndani ya kadi moja ya mwaliko. Nani ataiba mwaliko wa harusi iliyokwisha kufungwa? Akampa mdogo wake.

"Nitunzie kadi hii. Ni ya Mama."

"Haya, kaka."

Kilichomo hakumwambia. Siri ya wawili si siri, ndivyo alivyofundisha.

Mjini alitembea ubavu ukutani, mfuko wa vitunguu kaukumbatia. Mara mwanamume mmoja nyuma yake akapiga kelele kwa lugha isiyoeleweka. Bwana Tahadhari akatoka mbio. Na yule naye mbio! Walipofika taa za barabarani yule mtu akamdaka bega, anahema, akafungua kiganja. Kilikuwa kifuniko cha lenzi. Mwenzetu alitikisa kichwa kama mjusi, akarudi nyumbani.

"Niletee ile kadi," alimwambia mdogo wake.

Akaletewa kadi safi, inang'aa. Akaifungua. Ilikuwa tupu.

"Siyo hii."

"Ile ilikuwa chafu, kaka. Ina utepe mweusi umegandia ndani. Nikasema Mama hapelekewi uchafu, nikamtafutia mpya."

"Na ile?"

"Si nimeitupa."

Alishuka ngazi kama mzigo ulioachiwa. Kwenye pipa la taka la jengo aliingia mzimamzima, akapekua maganda na nepi, mpaka mlinzi akaja kumweleza kwa mikono kwamba hizi ni taka mpya. Gari la taka limeshapita. Mdogo wake alipoelewa kilichokuwa ndani ya ile kadi, aliketi kwenye ngazi akalia.

"Wanasema tahadhari kabla ya hatari," alisema kwa kwikwi. "Yako, kaka, ndiyo hatari yenyewe."

Simu ikaita: Mama. Akaiacha ikakata. Ikaita tena. Alitamani lile gari lingempitia na yeye. Akapokea, ananuka.

"Mama, nisamehe. Picha zote nimezipoteza. Sina hata moja ya kukuletea."

"Picha zipi tena?" sauti ya Mama ilikuwa na furaha. "Mbona ninayo tangu asubuhi? Shangazi wa mkwe wangu kanitumia. Imepinda, na kidole chake kimeziba pembe, lakini mwanangu namwona, kauma mdomo vile vile. Nimelia, nimecheka. Nilidhani wewe ndiye uliyemtuma."

Akakaa ngazini kando ya mdogo wake.

"Na wewe umo," Mama aliendelea. "Uko kando yake, machozi tele. Miaka yote unapiga watu picha, na mimi sina yako hata moja ya ukubwani. Leo nimewapata wote wawili."

Alijifuta macho kwa mkono unaonuka taka.

"Ila nieleze, baba," Mama alisema. "Siku ya harusi ya mdogo wako, mbona umejiziba nusu ya uso na redio iliyoungua?"