Buibui la Chifu Hilari

Zuwena binti Abasi hakumpa shikamoo. Mzee alimzidi umri kwa zaidi ya miaka kumi, na alishuka kwenye bajaji mbele ya nyumba ya Zuwena, mtaa wa Ng'ambo, Tabora, kwa kushikwa mkono, lakini Zuwena alimtazama tu kutoka mkekani.

"Umechakaa, Hilari."

"Mungu ni mwema, mke wa Majidi," mzee alijibu kwa Kiswahili chake cha kambini, kile alichookota kwa wanajeshi wa Amini.

Mwanamke aliyemshika mkono alipiga goti. "Shikamoo, mama. Mimi Recheli, mwanawe."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani." Kwa huyo hakuwa na kinyongo.

Walikuwa wametoka Uganda, siku mbili njiani kupitia Kahama. Zuwena aliwapa chai na matobolwa, maana viazi vile vikavu havikosekani nyumbani kwake. Hilari alitafuna upande mmoja wa mdomo huku akisifu. Akasifu chai, akasifu mkeka, akasifu hata hewa ya Tabora. Zuwena aliijua sauti ile. Ndiyo iliyokuwa ikisifu ushindi kwenye kipaza sauti.

Recheli akatoa karatasi. Kamati ya mji wao, alisema, inataka kuipa barabara jina la baba yake, ila inahitaji shahidi.

"Barabara gani?"

"Ile ya kwenda machinjioni, mama."

Zuwena alicheka mpaka khanga ikamdondoka begani. "Wamechagua vizuri."

Kisha akavaa miwani akaisoma. Karatasi ilidai kwamba wakati wa vita, Hilari akiwa chifu wa mji, alimficha nyumbani kwake mwanamke wa Kitanzania, Zuwena, akahatarisha roho yake. Kilichobaki ni saini.

Zuwena na mumewe Majidi, fundi cherehani, walikwenda Uganda wakiwa vijana, wakifuata njia ile ile ya Karagwe ambayo babu zao walipitishia vitambaa. Walipendwa huko. Vita ilipoanza, mwishoni mwa sabini na nane, Hilari akaanza kuwakusanya wanawake uwanja wa mpira kila Ijumaa wacheze ngoma ya ushindi. Redio ilisema jeshi linasonga mbele. Jeshi lenyewe lilikuwa likipita mjini hapo hapo likirudi nyuma, magodoro kichwani. "Cheza, mke wa Majidi," Hilari alikuwa akifoka, "usibane kiuno!"

Vitambaa vilipokwisha madukani, alimletea Majidi mapazia ya shule ayashone bendera. Majidi akanong'ona dukani kwamba bendera za namna hiyo zitundikwe madirishani. Siku mbili baadaye askari wa Amini walimtia kwenye buti la gari. Ijumaa iliyofuata Hilari alisimama mlangoni kwa Zuwena na orodha ya wachezaji mkononi. Zuwena akaenda, akacheza.

Sasa aliweka karatasi chini.

"Recheli, baba yako amekusimulia alivyotoka mjini?"

"Alitoka na jeshi, mama. Alikuwa wa mwisho."

"Alitoka na buibui langu. Mizinga ilipoanza kusikika, alikuja mlango wa uani na kaptula tu, analia. Mama yako yuko nyuma yake, amekubeba wewe, una miezi mitatu. Angekuja peke yake ningemfungia mlango. Nilimpa kwa ajili yenu wawili. Mwanaume mrefu vile, miguu imejaa vinyweleo, akapita katikati ya askari wetu amejiinamia kama bi harusi."

"Baba?"

Hilari alifuta mdomo. "Wakati ule ulikuwa mbaya. Kila mtu aliogopa."

"Kila mtu aliogopa," Zuwena alisema, "lakini si kila mtu aliyeandika majina. Ulikimbia ukaacha daftari ofisini. Askari wetu hawakujua Kiganda, wakaniita niwasomee. Mimi! Nikakuta jina la mume wangu kwa mwandiko wako, na utani wake umeunakili neno kwa neno. Hata hukuuelewa. Umeandika pembeni: *anapanga kuiba bendera*."

Recheli aliishika ile karatasi kama kitu cha moto. Mzee akatazama mlango, akatazama fimbo yake, akaona mlango u mbali.

"Kabla ya saini," Zuwena akasema, "niambie walimpeleka wapi. Niliuliza kila kambi, nikazungushwa mwaka mzima, nikarudi Tabora na cherehani yake tu."

Hilari akainua kikombe kitupu akajifanya anakunywa.

"Baba, mjibu," Recheli alisema.

"Kinu cha kukobolea kahawa," mzee alisema mwishowe. "Kile cha zamani. Nyuma, penye mikalitusi. Walizikwa watu saba."

"Na ulijua miaka yote hii?"

"Nilijua."

Zuwena alifungua mdomo amtukane, akakosa tusi. Alikuwa ameyaweka akiba miaka arobaini na saba, na hakuna hata moja lililomtosha mtu huyu. Alivua miwani akajifuta macho kwa pindo la khanga, bila haraka, wala hakumgeuzia uso.

Recheli aliigeuza karatasi, akaandika nyuma yake: kinu, mikalitusi, saba.

"Na saini?" Hilari akauliza.

Wanawake wote wawili wakamwangalia. Kumbe aliuliza kwa dhati.

"Mama," Recheli alisema, "hicho kinu nakijua. Nilicheza pale utotoni. Nitakupeleka."

Zuwena akasimama, akapaza sauti uani kwa mpwa wake.

"Ummy! Nipigie simu stendi, basi la Kahama la kesho. Viti vitatu. Viwili mbele." Akamtazama mzee aliyekuwa bado ameinua kikombe. "Na kimoja nyuma kabisa, juu ya tairi."