Maji ya Nanga

Hema liliruka alasiri, mbele ya wageni wa harusi, likamvunja baba wa bibi harusi uti wa mgongo.

Lilikuwa hema la Mjomba, kaka wa mama wa bibi harusi, ambaye kazi yake ni kukodisha mahema. Uwanja ulikuwa wa saruji, vigingi haviingii. Mahali kama hapo wenye mahema hufunga kamba kwenye mapipa yaliyojaa maji. Wanayaita nanga. Pipa likijaa, wanaume wanne hawalisogezi. Likiwa tupu, mtoto analiviringisha. Mjomba alikuwa mkali juu ya maji hayo, hata watu wakasema angemnyima mgonjwa.

Siku hiyo bomba lilikauka, na masufuria yamelundikana. Dada yake akaja na ndoo.

"Kaka, maji haya umeyaoa?"

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mjomba akamweleza kwamba hayo si ya kuoshea vyombo, ndiyo yanayoshika hema. Dada akajibu kwamba bintiye anaolewa mara moja, na wageni hawatakula kwenye sahani chafu. Ndoo mbili tu. Kwani upepo wenyewe uko wapi? Kweli, hata jani halikutikisika. Kunyimana ndugu kwa ndugu siku ya harusi ni aibu. Mjomba akaenda kupanga viti.

Mmoja akichota, wa pili haombi ruhusa. Mashangazi wakachota, wapishi wakachota, na walipomaliza pipa la kwanza wakahamia la pili.

Upepo ukaja bila hodi. Upande mmoja wa hema ukainuka na mapipa yake yakining'inia kama makopo. Mjomba akapiga kelele watu watoke. Wakatoka wote, ila shemeji, mume wa dada yake. Yeye aliirukia kamba ya kona aizuie. Hema likampandisha juu ya ukuta wa uwanja, likamwangusha.

Hospitalini Mjomba alitaka kuomba radhi. Dada hakumtazama.

"Ungenikatalia," alisema. "Mimi nilikuwa sijui. Wewe ulikuwa unajua."

Shemeji hatembei tena. Dada ndiye anayemgeuza kitandani, asubuhi na jioni. Binti aliolewa baadaye, kimyakimya, bila baba wala mjomba. Hema linaoza stoo. Na ndugu hao, waliozaliwa wawili tu, hawajasemeshana tangu siku ile.