Mita Nane za Kamba ya Semisi

Nianze na kosa langu, maana nikilichelewesha nitalipamba. Niliikata kamba ya Semisi, mita nane nzima, na sikumwambia.

Ilikuwa mwezi wa tatu, kazini. Mimi na Semisi Vaipulu ni wakwea miti hapa Blackheath, mji mdogo wa milimani. Ubavuni mwa gari wameandika "madaktari wa miti", na mimi diploma ya kazi hiyo ninayo, mke wangu kaitundika chooni, anasema huko ndiko itapata wasomaji. Siku za kazi tunapanda mikaratusi ya watu na kuipunguza matawi. Jumapili, badala ya kulala kama binadamu, tunapanda majabali.

Kamba ya mwamba haifanyi kazi ya mti. Hiyo ni sheria, na mimi ndiye niliyemfundisha. Lakini siku ile Semisi alikuwa kwa daktari na bega lake, kamba yetu ya kazi ilikuwa imenasa juu, na ile yake ya mwamba ilikuwa nyuma ya gari inanitazama. Nikavutia tawi nayo. Msumeno ukailamba. Nikakata pale palipolambwa, nikaikunja iliyobaki vizuri kabisa, nikairudisha kwenye mfuko wake. Kamba ya mita sitini ikawa ya hamsini na mbili. Kile kipande hata sikukitupa. Nilikwenda kumfungia binti yake, Mele, bembea, na Semisi akanishukuru.

Nilipanga kumwambia Jumatatu. Halafu Ijumaa. Aibu ya namna hiyo ukiilaza siku moja tu, kesho yake imeota mizizi.

Mwezi wa sita, Jumapili ya baridi kavu, tukaenda kwenye jabali tunaloliita Kidevu, kwa sababu limetokeza mbele kama kidevu cha mtu mkaidi. Unasimama chini yake kwenye rafu ya mwamba, upana wake kama jiko la nyumbani. Nyuma yako kuna mkaratusi mmoja. Mbele rafu inaisha, halafu ni korongo la mawe, mita ishirini kwenda chini.

Kamba nilikuwa nimeikumbuka. Nisidanganye, niliikumbuka tangu garini. Lakini mimi mti nikiutazama nakwambia urefu wake, na nikikosea nimekosea nusu mita. Nikalitazama Kidevu, nikasema moyoni: ishirini na tano. Kupanda na kushuka, hamsini. Inatosha, inabaki.

"Mzee Nev, mbona unalikodolea macho kama unataka kulichumbia?" Semisi akaniuliza, anafunga viatu.

"Napima."

"Pima kiuno chako. Mimi kilo mia na nne, wewe kama mwiko. Siku nikianguka utaruka kama kizibo cha soda."

"Usianguke basi."

"Haya, mwalimu."

Akapanda. Mtu mkubwa vile, lakini mwambani anakwenda taratibu kama anayepanga vyombo vya mtu mwingine. Mimi chini nampa kamba, inapita kwenye chuma cha kubania kilichofungwa kiunoni kwangu.

Katikati ya kamba kulikuwa na alama nyeusi ya wino. Ikifika mkononi mwangu kabla mpandaji hajafika juu, maana yake kamba haitatosha kumshusha. Lakini hiyo ni alama ya kamba ambayo haijakatwa na mjinga; kwenye hii katikati ilikuwa imehama mita nne, na alama haikuhama.

"Alama imefika?" akauliza toka juu.

"Bado."

Na kweli ilikuwa bado. Sijawahi kusema neno la kweli lililo baya kuliko lile.

Akapitisha kamba kwenye pete za chuma zilizopigiliwa kule juu, akasema, "Nishushe." Nikamshusha. Kwa kuwa jabali limetokeza, alipoliacha tu akaning'inia hewani, mbali na ukuta, nje ya ukingo wa rafu. Mpango ulikuwa akifika usawa wangu nimvutie ndani. Nikawa naachia kamba huku nikiangalia ndege, mpaka kitu kigumu kikanigonga kiganja.

Lilikuwa fundo la mwisho wa kamba. Kila siku nalifunga, mazoea ya mitini, kamba isije ikachomoka yote. Likanasa kwenye chuma. Uzito wa Semisi ukanivuta hadi ukutani, visigino vikaacha mwamba, nikabaki nimesimama kwa vidole; msuguano wa kamba kwenye pete tu ndio ulionizuia nisiruke.

Yeye alikuwa mita sita juu ya usawa wangu na mita nne nje. Chini yake, korongo.

"Mbona umesimama?"

"Kamba imeisha."

"Acha utani. Hii ni sitini."

"Hamsini na mbili," nikasema. Halafu nikamwambia yote, msumeno, mfuko, bembea, nimebanwa ukutani kama mdudu wa maabara ya shule aliyechomwa pini.

Nikasikia kasuku weupe wakigombana kule bondeni.

"Yaani nimekuwa nikimsukuma mwanangu na kamba yangu mwenyewe," akasema.

"Ndiyo."

"Na Kidevu ulilipima kwa jicho."

"Kwa jicho."

"Mzee, nikishuka nakupiga. Nakupenda, lakini nakupiga." Akacheka, nami nikacheka, kwa sababu mpaka hapo lilikuwa jambo la kuchekwa. Mtu wa miti kupanda kamba ni kama wewe kupanda ngazi. Alikuwa na kitanzi cha kamba nyembamba. Akakizungusha kwenye kamba kubwa, akaingiza mguu, akaanza kujivuta arudi juu. Akifika ajifunge kwenye pete, na mimi niwe huru.

Mvuto wa kwanza. Wa pili. Wa tatu bega likatoka.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi ndefu, na mguu ukachomoka. Alipojaribu kukishika kile kitanzi kwa mkono mzima, kikafunguka na kuanguka. Tulikitazama wote wawili mpaka kikafika chini.

"Nev," akasema. Ile "mzee" aliiacha.

Simu yangu ilikuwa kwenye begi, chini ya mkaratusi, hatua tano nyuma yangu. Simu yake garini. Mikanda ya kujifungia alikwenda nayo yote yeye. Nikinyoosha mkono naupata ukuta, na ukuta ule hauna hata ufa wa kuingiza kidole. Nikijifungua, anaanguka. Nisipojifungua, anabaki pale pale.

Kila mwaka tunakwenda kozi ya kuokoa mtu aliyening'inia. Wanatundika mwanasesere mtini, wanatuambia: miguu isiposogea, damu inabaki chini, na mtu anazimia muda si mrefu, asiposhushwa anakufa. Mwaka huu nilipata alama za juu kabisa.

"Piga mateke, Semisi. Kama unaendesha baiskeli."

"Napiga."

"Hupigi."

"Bega, bwana. Kila teke linafika begani."

Ng'ambo ya bonde kuna mahali watalii wanasimama kutazama. Niliwaona, watu watano au sita, mmoja amevaa kofia nyekundu. Nikavua helmeti nikaipunga, nikapiga ukelele mpaka koo likachubuka. Wakapunga mikono. Mwenye kofia akainua simu, akatupiga picha, halafu wakaenda zao.

"Wamesemaje?" akauliza Semisi.

"Wanasalimia."

"Watu wazuri."

Sauti yake ilikuwa imelegea, kama ya mtu anayeongea na mto wa kulalia. Nikaona lazima nimpe kazi. Kazi haijawahi kumshinda.

"Unaiona ile miti ya korongoni? Ule mwembamba uliolalia mwingine. Ungeuanzaje?"

Akafikiri. "Nafunga juu kwanza. Halafu nakata ule wa chini."

"Wa chini?"

"Hapana. Wa juu. Unanitega."

"Sawa. Na ule mweupe wenye matawi mawili?"

"Lile la kushoto." Akapumzika. "Limeoza pale linapoungana."

"Nani kakwambia?"

"Rangi yake." Akapumzika tena, zaidi. "Nina usingizi kidogo, Nev."

"Hulali. Piga teke."

Mguu mmoja ulisogea, kiasi cha kutikisa kamba ya kiatu. Nilijaribu kurudi nyuma kuelekea begi langu. Nilisukuma ukuta kwa mikono na magoti, mpaka mkanda ukanikata nyongani, na sikupata hata shibiri. Kamba ilikaza kama chuma, kisha ikanirudisha ukutani polepole. Juu yangu Semisi alizunguka kidogo, akanipa mgongo, akazunguka tena. Kidevu chake kilikuwa kifuani.

"Semisi. Ule mkubwa wa mwisho, ule wenye uyoga ubavuni. Unauona? Nautazama na sijui pa kuanzia. Nisaidie, ndugu yangu. Tuanze na tawi lipi?"

Kamba ilizunguka, na mikono yake ikazunguka nayo, imelegea.

"Kama kusema kunakuchosha, nionyeshe tu kwa kidole."