Pua ya Apollinaire

Apollinaire alikuwa na pua. Sisi wote tuna pua, najua, lakini yake ilikuwa inafanya kazi. Katika depo ya vanila ya Mama Marie-Jeanne, kule Vulamba, yeye ndiye alikaa mwisho wa meza ndefu, ananusa fungu moja moja kabla halijalazwa ndani ya sanduku. Fungu lenye unyevu analiweka kando likarudi juani. Lenye kuanza kuoza, hata kama jicho halijaona kitu, analitupa mbali kabisa, kwa sababu ukungu wa ganda moja unakula sanduku zima.

Kazi hiyo inafanywa asubuhi, mbele ya chai, kabla mtu hajanywa kitu. Wanusaji hawajipaki mafuta yenye harufu. Hawali vitunguu jana yake. Sigara ni marufuku hata nyumbani kwao, kwani vanila inashika moshi kama vile blanketi la jikoni linavyoushika.

Na Apollinaire alikuwa anavuta sigara kwa miaka kumi na saba.

Alivutia ndani ya choo, akanawa mikono kwa ndimu, akatafuna majani ya mpera, akaenda kazini. Lakini mtu anaficha mpaka anachoka. Siku moja alinikuta kwenye mlango wa farmasi ya Nadège, nikiwa nanunua glycerine, akanivuta mkono.

"Muzee Salomon, batu banasema uko natengeneza maji ya chicha."

"Bale batu banasema mengi."

"Nitengenezee mimi pia. Mama akinisikia na harufu ya tumbaku tena, nimeisha."

Mimi sina duka. Natembea na begi kati ya Beni na Butembo, wakati mwingine nashuka mpaka Alimbongo miguu ikiwasha. Ndani ya begi kuna sabuni ninazopika mwenyewe, na chupa ndogo za maji ya ile chicha ya kuchaji, sigara ya umeme ambayo madereva wanaileta kutoka Kampala. Nilijifunza kuyachanganya Kasese, kwa fundi wa simu aliyechoka na ladha za dukani. Si kazi ya kusomea sana, na ndiyo maana niliiweza. Glycerine ni nzito, inaleta moshi mwingi na utamu. Kuna kioevu chepesi kinachokuja pamoja na nikotini. Hicho kinakwaruza koo. Halafu matone ya harufu. Unapima kwa sindano isiyo na ncha, unatikisa, unaacha chupa ilale siku kadhaa. Ugumu hauko katika chupa. Uko katika mtu, maana kila mtu ana koo lake.

Nadège alitusikia, akaongea bila kuinua kichwa kwenye vidonge alivyokuwa anahesabu.

"Muzee, uweke kila kitu, mais mafuta hapana. Ile essence ya keki iko na mafuta ndani. Mafuta ikiingia mu mapafu haitoke."

"Ulishaniambia, mama."

"Nitakuambia tena. Na hii pia si dawa. Iko tu mubaya kidogo kuliko ile ingine."

Chupa ya kwanza nilimwekea mint. Alivuta mara mbili, akanirudishia.

"Niko navuta ao niko napiga meno muswaki?"

Ya pili nilimwekea embe. Alisema inamkumbusha juisi ya mtoto mgonjwa. Nikamuuliza sasa unataka nini, akatoa mfukoni kitambaa. Ndani mlikuwa na maganda ya vanila yaliyovunjika, yale ambayo hayaingii sandukuni na Mama anawaachia wafanyakazi waweke kwenye chai.

"Hii," akasema. "Hii njo nalalaka nayo ku vidole."

Niliyakata vipande, nikayalowesha ndani ya glycerine wiki mbili juu ya bati la nyumba, nikachuja kwa kitambaa mara tatu. Rangi yake ilikuwa kama ya chai kali. Alipovuta alifumba macho. Kulikuwa na shida moja: pamba ya kile chombo iliungua kila baada ya siku tatu, kwa sababu vanila ya kweli ina utamu unaogeuka masizi. Nilipunguza ya vanila, nikaongeza kile kioevu chepesi, nikapunguza tena. Chupa ya nne ikakaa sawa. Wiki tano hakugusa sigara. Nami nilijisikia mtu wa maana, nikapanda pikipiki kwenda Beni na sabuni zangu.

Niliporudi, Alhamisi, nilikuta neno limeachwa kwa Nadège: Mama Marie-Jeanne ananitaka depo.

Nilimkuta amesimama mbele ya sanduku lililo wazi. Ni mwanamke mfupi, na hainui sauti. Mezani alikuwa amepanga mafungu sita. Hata mimi, mtu wa sabuni, niliona uzi mweupe wa ukungu kati ya maganda. Yote yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya bluu, mizunguko miwili, fundo chini. Kila mnusaji ana kamba yake. Bluu ni ya Apollinaire.

Yeye alikuwa amesimama ukutani kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho.

"Donc ni wewe njo unamupikia uyu mutu moshi?" Mama akaniuliza.

"Ni mimi, mama. Alitaka kuacha tumbaku."

"Nilishajua ya tumbaku. Unafikiri mimi nanunuaka ndimu, sijue inafanyaka nini? Nilikuwa namuacha, kwa sababu hata na sigara yake alikuwa ananusa kuliko bengine. Sasa uyu, tangu mwezi, hasikie kitu. Umemupa nini?"

Nilitoa chupa. Aliifungua, akaipeleka puani, akaniangalia muda mrefu.

"Vanila," akasema.

Hapo ndipo nilielewa, na Apollinaire akaelewa, na tuliona haya wote wawili. Katika depo ile wanakataza vitunguu, wanakataza pomada, wanakataza moshi. Hakuna mtu aliyewahi kukataza vanila. Kwao vanila si harufu, ni hewa ya mle ndani. Mtu anaivuta usiku kucha na asubuhi njiani, pua imejaa, halafu anakaa mezani kutafuta kaharufu kadogo ka kuoza chini ya vanila. Atakasikiaje?

"Siku ya Kwanza, mbele ya chai," Mama alimwambia, yaani Jumatatu. "Nitaweka mafungu tatu. Utafunga macho. Ukikosa, utaenda kubeba masanduku na benzako. Sitakufukuza. Mais hii kiti, mwingine atakaa."

Kubeba masanduku si aibu. Lakini baba yake Apollinaire alikaa kwenye kiti kile, na alimfundisha kunusa akiwa bado anashika sketi ya mama yake. Hakuna kitu kingine anachokijua.

Nje ya lango aliniambia, "Muzee, ukitosha vanila mu chupa narudi ku sigara. Nakuambia kweli, sikutishe."

"Na ukirudi ku sigara?"

"Hata hiyo kiti nitapoteza. Mama hatanivumilia tena. Najua."

Ijumaa nilimpa tangawizi. Alikohoa mpaka machozi. Mchana nilijaribu kahawa. Alisema ni nzuri, halafu akanusa kiganja chake na kusema kahawa imekaa pale kama mgeni asiyetaka kuaga. Jumamosi nilimpa glycerine tupu yenye nikotini tu. Alivuta na kuvuta, akasema ni kama kunywa uji usio na chumvi na kuambiwa shiba. Nilimwona anaangalia duka la ng'ambo, mahali wanapouza sigara moja moja.

Mimi nimekosea vitu vingi kwa kupenda kuongea kuliko kusikiliza. Siku ile nilikaa chini.

"Niambie sigara ya kwanza ya asubui. Hapana harufu. Niambie inafanya nini."

Alifikiri. Mkono wake ukapanda wenyewe, ukashika koo.

"Inanikwaruza hapa. Kama mutu anapiga hodi. Halafu kichwa kinafunguka."

"Na vanila ilikuwa inapiga hodi?"

"Hapana. Vanila ilikuwa inanibembeleza tu."

Basi shida haikuwa ladha kamwe. Muda wote ule nilikuwa nimehangaika na matone ya harufu, na mtu alikuwa analilia koo. Niligeuza kipimo chote: glycerine kidogo, kile kioevu chepesi kingi, nikotini ile ile bila kuongeza hata tone, harufu hakuna. Moshi ulitoka mwembamba, karibu hauonekani. Alivuta, akashtuka, akakohoa mara moja.

"Ee," akasema. "Huyu anapiga hodi."

"Ni mubaya?"

"Iko mubaya. Lakini inafika."

Jumapili alitoka misa bila kupita dukani.

Siku ya Kwanza Mama alinitaka niwepo, nadhani ili nione nilichoharibu. Apollinaire alikaa kwenye kiti, kitambaa cheupe machoni. Fungu la kwanza alilinusa upesi, akaliweka kulia. "Muzima." La pili alilishika, akalipeleka puani, akalitoa, akalirudisha. Nilihesabu pumzi zangu mwenyewe.

"Katikati," akasema. "Ganda moja, ao mbili. Bado haijatoka inje, mais itatoka."

La tatu akalichukua. Alilinusa kidogo, halafu vidole vyake vikatafuta kamba, vikagusa fundo. Uso wake ulibadilika.

"Hii iko na moshi," akasema.

"Moshi gani?" Mama akauliza. Nilisikia katika sauti yake kwamba hilo hakulitarajia.

"Ya tumbaku. Ni yangu. Nilifunga hii wakati nilikuwa navuta. Fundo ni yangu."

Mama alilichukua, akanusa. Akanipa mimi, nilisikia vanila tu, tamu, safi. Akawapa wanusaji wengine wawili, wakatikisa vichwa. Lilikuwa fungu ambalo Mama mwenyewe alilichagua kama zima. Apollinaire angeweza kuliweka kulia na hakuna mtu duniani angejua.

Alivua kitambaa. Alikuwa na macho mekundu kama mtu aliyepiga chafya.

"Ziko ngapi za namna hii mu depo?" Mama akauliza.

"Sijue, mama. Miaka kumi na saba."

Mama alifungua ile kamba ya bluu polepole, akaikunja, akamwekea mkononi. Akaonyesha ukuta wa nyuma, masanduku yaliyopangwa mpaka darini.

"Anza kunusa zile za juu," akasema. "Na asubui ufike mbele ya chai."

Mimi nilichukua begi langu. Mlangoni alinirudisha kwa kidole.

"Muzee. Ile chupa ya vanila iliyobakia, iko wapi?"

"Iko huku, mama."

"Iache."

Aliifunga kwa kitambaa mara mbili, akaitia ndani ya mkoba wake, mbali na meza.