Vyuma vya Moto vya Bi Thuwaiba

Watu wa Malindi walicheka mpaka wakashika mbavu siku Bwana Ghanim alipopandisha vyuma vya moto nyumbani kwake. Unguja hii, ambako mtu hulala na upepeo mkononi, leo mwenzetu ananunua joto! Lakini Bwana Ghanim alikuwa na sababu, nayo ni mkewe. Bi Thuwaiba alikuwa na baridi yabisi ya magoti, na kipupwe kikiingia hata kusujudu kulimshinda. Basi meli moja kuukuu ilipovunjwa bandarini, mumewe akanunua vyuma vitatu vyenye mbavu, birika kubwa la kuchemshia maji, na mabomba yake. Birika likakaa uani karibu na jiko, mabomba yakapanda ukutani, na maji ya moto yakawa yanazunguka ndani ya vyuma viwili chumbani kwa bibi kisha yanarudi chini. Chuma cha tatu kikawekwa akiba.

Aliyevifunga ni Jecha wa Ng'ambo, fundi aliyekula miaka kumi na miwili kwenye mashine za meli. Mama yake, Mize, alikuwa mtumwa wa kina Thuwaiba zamani zile kabla ya utumwa kufutwa. Thuwaiba alipozaliwa, mama yake mzazi alishikwa na homa, na Mize ndiye aliyemnyonyesha: ziwa la kulia la bibi mdogo, la kushoto la mwanawe Jecha. La kulia ndilo lililokuwa na maziwa zaidi. Mize mwenyewe alikuwa akilisema hilo kwa kicheko. Kwa sheria ya dini, watoto hao wakawa ndugu wa ziwa, hawaoani wala hawahitaji pazia baina yao.

Vyuma vile vina tabia ya kukusanya upepo ndani, na upepo ukijaa, maji ya moto hayapandi. Kwa hiyo kila Ijumaa ya kipupwe Jecha alikuja baada ya sala na ufunguo wake mdogo, akalegeza skurubu ya juu, upepo ukatoka kwa mluzi mpaka maji yakatema, kisha akakaa kunywa kahawa.

"Hujambo, dada?"

"Sijambo, Jecha."

Yeye alimwita dada, na bibi alimwita Jecha. Miaka sita ilipita hivyo, na bibi hakuona kasoro yoyote.

Mwaka wa saba Bwana Ghanim akafariki. Bi Thuwaiba akakaa eda, miezi minne na siku kumi za mjane kujitenga na wanaume wasio maharimu zake, wale wanaoweza kumwoa. Wifi yake Badriya akavuka kutoka Pemba kuja kumliwaza. Kipupwe kikawakuta humo, na chuma cha dirishani, kilichokwisha kuliwa na kutu, kikaanza kuvuja hadi mkeka ukaoza. Bi Thuwaiba akamtuma mtumishi wake, Nunu, amwite Jecha.

"Wifi," Badriya alisema aliposikia viatu ngazini, "nani huyo mwanamme anayepanda kama kwake, nawe umo edani? Ni nani wako?"

Jecha alikuwa keshafika mlangoni, spana mkononi, amefungua kinywa kusalimu. Yalitakiwa maneno mawili tu: ndugu yangu. Bi Thuwaiba akaiona dhahabu ya wifi yake na zile nyusi zilizopanda, akaona habari hii inavyovuka bahari: mke wa Ghanim ana kaka, mtoto wa Mize, mtumwa wao.

"Fundi tu," akasema.

"Basi, Nunu, tundika pazia!"

Nyuma ya pazia Bi Thuwaiba alisikia kila kitu. Koki zikafungwa huku na huku, karai likasogezwa, nati zikalia, maji machafu yakamiminika. Chuma kikanyanyuliwa kutoka kwenye kulabu zake.

"Mwambie Bibi nitarudi Ijumaa kufunga kile cha akiba," alimwambia Nunu.

Kusema kweli, Bi Thuwaiba alistahili kuumwa roho, na ilimuuma. Alimkumbuka Mize, akaona haya kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Alhamisi uzito ukamzidi, akamweleza wifi yake yote, macho chini, akingoja kusutwa.

"Lo! Na kwa nini hukusema?" Badriya alishangaa. "Mimi nimenyonyeshwa na mjakazi, wifi yangu. Kaka zangu wa ziwa wamejaa Wete nzima, na kila sikukuu wanakuja kula kwangu! Mimi niliuliza tu."

Aliuliza tu. Bi Thuwaiba alitamani ardhi ipasuke immeze. Akalitungua pazia kwa mikono yake, na Ijumaa akapika kahawa mwenyewe, magoti yakimlilia.

Jecha akaja na chuma begani. Alipofika mlangoni akakiweka chini na kuugeuzia chumba mgongo.

"Shikamoo, Bibi."

Salamu hiyo Mize alikuwa akiwapa mabwana zake. Jecha hakuwahi kumpa Bi Thuwaiba.

"Ingia, Jecha. Kahawa hii hapa."

"Fundi haingii kwa mwenye eda bila pazia, Bibi. Watu watasema."

"Hakuna wa kusema. Nshamwambia wifi yangu kila kitu."

"Hata mimi niliambiwa, Bibi. Nilikuwa hapa hapa mlangoni."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomkata maini. Bi Thuwaiba akainuka, akalitundika pazia, akakaa nyuma yake.

Jecha akafanya kazi kama kawaida yake, bila papara. Akakitia chuma kwenye kulabu, akazungushia katani iliyopakwa rangi penye maungio ili pasivuje, akakaza nati, akafungua koki polepole. Mluzi ukalia, maji yakatema. Hakuna tone lililovuja.

Kisha kitu kikasukumwa chini ya pazia mpaka miguuni pa Bi Thuwaiba. Ulikuwa ule ufunguo mdogo.

"Kila Ijumaa, Bibi, legeza skurubu ya juu, ukiona maji funga. Hata Nunu anaweza. Hakuna haja ya kuniita."

Akakusanya vyombo vyake. Kahawa ilikuwa imepoa. Bi Thuwaiba akaushika ufunguo, akasikia hatua zikielekea ngazini, na neno ambalo hakuwahi kumpa tangu wazaliwe likamtoka kwa sauti, nyumba nzima ikasikia.

"Kaka!"

Hatua zikasimama.

"Naam, Bibi," Jecha akajibu, akangoja kuagizwa kazi.

Bi Thuwaiba hakuwa na kazi ya kumwagiza.