Panya wa Maluki

Siku ile mjinga alikuwa Maluki, na hakuna haja ya kumtetea, maana yeye mwenyewe hukubali kabla hujamaliza kuuliza.

Alikuwa mtu wa zamu ya usiku, kiwanda cha juisi huko Thika, kwa hivyo mchana ndio usiku wake. Sasa hebu wewe jaribu kulala mchana Ruiru, kwenye ploti ya vyumba vya kushikana, na kila usingizi ukikushika, ko, ko, ko, ukutani. Chumba cha jirani kilikuwa na kufuli nje kutoka asubuhi hadi alasiri. Mwenyewe, Sumeya, binti mpole anayeshona nguo kule viwandani, alikuwa kazini. Kufuli liko nje, mtu hayupo, basi anayegonga ni panya. Hiyo ndiyo hesabu ya Maluki. Alichukua kiatu akapiga ukuta: "Nyamaza, shetani!" Na panya, kwa adabu zake, akanyamaza.

Jumamosi hiyo jumuiya ilisali kwake. Wakatoliki wa mtaa ule huenda hivyo: wiki hii kwangu, wiki ijayo kwako, viti vya kuazima, nyimbo, maombi, halafu chai.

"Msishtuke mkisikia kitu," Maluki akawaambia wageni. "Nina panya anavaa viatu."

Wakacheka. Mwenyekiti, Mama Ngendo, akamkazia macho mpaka akainamisha kichwa. Tabby, mkewe Maluki, akaanza kuwaombea wagonjwa wa jumuiya.

"Ee Bwana..."

"Twakuomba utusikie."

Ko, ko, ko.

"Hata yeye ameitikia," Maluki akanong'ona.

Ndipo panya akasema, "Maji."

Hakuna aliyecheka. Maluki alihisi kama kiatu chake kimemrudia kifuani. Akatoka mbio, akalisukuma pazia la dirisha la jirani kwa mpini wa fagio. Mama mzee alikuwa amelala godoroni, upande mmoja wa mwili umekufa ganzi, mkono uliobaki umeshika kijiko. Jagi lilikuwa limeanguka, sakafu imelowa.

"Tabby, lete nyundo!"

"Haiya! Uvunje mlango wa watu?" Mama Ngendo alikuwa amemfuata. "Tumalize sala kwanza."

"Nyinyi malizeni. Mimi nasali nikigonga."

Alikuwa amelipiga kufuli pigo moja tu Sumeya alipoingia getini, mkoba kwapani.

"Jirani! Kumbe ni wewe mwizi?"

"Fungua, dada. Mama ana kiu."

Sumeya alifungua. Tabby akamwinua mama, akamnywesha polepole.

"Mama yangu ana kiharusi," Sumeya akasema. "Siku moja nilimwachia mlango wazi, akatambaa mpaka barabarani. Nikiacha kazi, tutakula nini? Ndio maana namfungia."

"Si ungetuambia?" Maluki akauliza.

"Ningewaambia saa ngapi? Mnanisalimu 'sasa', nikigeuka kujibu mmeshapita."

Maluki akanyoosha mkono.

"Nipe ufunguo mmoja. Mchana mimi niko. Akigonga, naamka."

"Na kumwogesha, niachie mimi," Tabby akasema.

Sumeya akaanza kuutoa ufunguo kwenye pete yake.

"Ngoja kwanza," Mama Ngendo akasema. Hakuwa mtu mbaya, alipenda tu mambo yapangwe. "Maluki, tuna wagonjwa wetu na hata hao hatumalizi kuwatembelea. Huyu ni Muislamu, ana watu wake. Kesho akianguka mikononi mwako, utasema nini?"

"Nitasema nilikuwepo."

"Usingizi je? Utaenda kazini ukisinzia?"

"Nimekosa usingizi miezi yote hii nikipigana na panya. Acha sasa niukose kwa maana."

"Mimi sijakataa kumsaidia!" Mama Ngendo akapandisha sauti. "Tutamwombea. Tena hapo hapo kwako, kila Jumamosi. Mungu anasikia hata kupitia ukuta."

Ufunguo ukasimama nusu ya pete. Sumeya alimtazama Mama Ngendo, akamtazama Maluki, ambaye mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa.

Mamake Sumeya, kule godoroni, akasukuma kikombe kando. Ulimi ulikuwa mzito, lakini kila neno lilifika.

"Mungu, ndiyo, mama. Maji hayapiti."